Maandishi Yetu, Ufunguo wa Nani?



Juma hili tunataka kuongea juu ya kitu ambacho kwanza kitaonekana kuwa cha mafundi na vijana tu: namna barua, hesabu na taarifa zinavyohifadhiwa ndani ya ordinatere. Msigeuze ukurasa. Ndani ya faili hizo kuna makuta yetu, majina ya watoto wetu, na ushahidi wa kazi tuliyofanya miaka yote. Anayeshika ushahidi wako anashika sehemu ya haki yako.

Tuanze na daftari, maana daftari tunalijua. Ukiandika hesabu kwenye daftari, yeyote anayejua kusoma ataifungua na kuisoma. Hahitaji kujua daftari lilinunuliwa butiki gani, wala kalamu ilikuwa ya kampuni gani. Ndani ya ordinatere mambo si hivyo. Kati ya macho yako na maneno yako inasimama programu. Ukibonyeza kuhifadhi, programu inapanga maneno yako kwa utaratibu wake: hapa kichwa cha barua, hapa jedwali, hapa jumla ya hesabu. Utaratibu huo ndio tunaouita muundo wa faili. Kama kanuni za muundo zimeandikwa na kutolewa kwa watu wote, fundi yeyote anaweza kutengeneza programu itakayosoma faili yako. Huo ni muundo wazi. Kama kanuni zimefichwa na mwenye programu, basi yeye peke yake ana ufunguo wa maandishi yako, hata kama maneno yote uliyaandika kwa mkono wako.

Katika masoko mengi ya Kivu maharagwe hupimwa kwa kopo la Guigoz. Kopo lile lilikuja na maziwa ya watoto wachanga, lakini leo ni kipimo cha wote. Muuzaji na mnunuzi hawajuani, mmoja ametoka milimani na mwingine amevuka ziwa, lakini wanapatana kwa sababu kipimo kinajulikana. Hakuna anayesema: ukitaka kununua maharagwe yangu, sharti kwanza ununue kopo langu. Muundo wazi ni kopo la namna hiyo. Na kama tunavyojua sote, kuna wauzaji wanaopiga tako la kopo liingie ndani. Tutarudi kwa hilo.

Muundo wazi wa maandishi ya ofisi unaojulikana zaidi unaitwa OpenDocument, kwa kifupi ODF. Historia yake si ndefu. Mwaka 1999 kampuni ya Marekani iitwayo Sun Microsystems ilinunua programu ya ofisi, StarOffice, iliyozaliwa Ujerumani. Mwaka 2000 ikaifungulia dunia maandishi ya ndani ya programu hiyo, ikazaliwa OpenOffice.org. Muundo wa faili zake ukapelekwa kwa OASIS, shirika ambamo makampuni na wataalamu hukaa pamoja kuandika vipimo vya wote. Mei 2005 OASIS ikapitisha ODF. Mwaka 2006 ikapokewa na ISO, shirika la kimataifa la vipimo, kwa namba ISO/IEC 26300. Ni shirika lile lile ambalo vipimo vyake vinafanya skrubu iliyotengenezwa nchi moja iingie kwenye nati ya nchi nyingine.

Mtatambua faili za ODF kwa mkia wa jina lake. Barua na mihtasari zina .odt, majedwali ya hesabu yana .ods, na kurasa za kuonyesha ukutani zina .odp. Programu inayotumika sana kuziandika leo ni LibreOffice, iliyotoka kwenye OpenOffice.org mwaka 2010. Hailipiwi, na sheria yake inamruhusu kila mtu kuinakili na kumpa jirani.

Sasa tuseme kwa nini sisi, chama cha wamama, tumeingia katika mashauri haya.

Kikundi chetu kina mutuelle, MUSO kama tunavyoita huku, yenye masanduku matatu: la kijani kwa akiba na mikopo, jekundu kwa msaada wakati wa ugonjwa na msiba, na la buluu kwa makuta yanayotoka nje. Mradi mmoja wa msaada ulituletea ordinatere na programu ya hesabu. Kijana wa mradi alikuja siku tatu kutufundisha, tukafurahi. Kila juma mama mshika sanduku aliingiza michango, jina kwa jina, hisa kwa hisa. Ulikuwa mwepesi kuliko daftari, maana jumla ilijitokeza yenyewe na hakuna aliyegombana.

Mradi ukaisha. Mwaka uliofuata, asubuhi moja, programu ikaandika kwa Kifaransa kwamba muda wa leseni umekwisha. Haikutukataza kuandika tu, hata kusoma ilikataa. Tulitafuta walioileta, tukakuta ofisi imefungwa. Madaftari ya karatasi yalikuwapo, kwa hiyo tukaendelea nayo, na faili za hesabu tukaziweka kwenye flashi.

Kisha ikaja Aprili 2020. Wale wa Uvira hawahitaji kuelezwa. Mto Mulongwe ulitoka kitandani mwake, ukabeba nyumba na watu. Madaftari yetu yalikuwa nyumbani kwa mama mshika sanduku, upande wa mto. Yeye na watoto wake waliokoka, tunamshukuru Mungu. Madaftari yalipatikana ndani ya matope, kurasa zimeshikana kama bugali uliolala, wino umeyeyuka wote.

Dada yetu mmoja alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa ugonjwa. Watoto wake watatu walibaki kwa bibi yao. Baada ya mafuriko bibi huyo alikuja kwenye mkutano kuomba hisa za binti yake, kwa sababu nyumba yake pia ilikuwa imeanguka, na kadi ya binti ilikuwa ndani ya nyumba hiyo. Aliketi mbele yetu akasema: "Wanangu, mimi sijui kusoma. Nilijua tu kwamba ninyi mmeandika."

Nasi tulikuwa tumeandika. Hesabu ya binti yake, kila mchango na tarehe yake, ilikuwa juu ya meza mbele yetu, ndani ya flashi ndogo kama kidole. Tuliipeleka kwenye biro tatu zinazopiga mashini na kuchapa. Mashini ya kwanza ilisema haitambui faili. Ya pili ilifungua ukurasa wa alama tupu, kama njia ya siafu. Fundi wa tatu alitueleza ukweli: programu iliyoandika faili hii ndiyo peke yake inayojua kuisoma, na kanuni zake hazikuandikwa mahali popote panapofikika.

Lakini kwenye flashi ile ile kulikuwa na mihtasari ya mikutano yetu. Mama katibu aliiandika kwa LibreOffice, kwa sababu ndiyo mwanawe aliyomfundisha nayo, na kila faili ilikuwa na mkia wa .odt. Hiyo ilifunguka mara moja, kwenye mashini ambayo haikuwahi kutuona. Ndani yake tulikuta mkopo alioomba dada yetu, siku alipoumaliza, na idadi ya hisa zake kama ilivyosomwa kwenye mikutano mikuu miwili. Sehemu nyingine tuliijenga kwa ushahidi, Jumapili nne mfululizo baada ya kanisa, mmoja akikumbuka na mwingine akisahihisha.

Bibi alilipwa hisa zote zilizothibitishwa. Michango ya miezi mingi baada ya mkutano mkuu wa mwisho haikupata shahidi. Mkutano uliamua kumwongezea kitu kutoka sanduku jekundu. Alipokea kwa mikono miwili akatubariki. Lakini tuseme wazi: kile cha mwisho hakikuwa haki yake, kilikuwa msaada. Kati ya haki na msaada kuna tofauti ambayo kila mwanamke anaijua, hasa mjane.

Toka siku hiyo swali la muundo wa faili kwetu si la mafundi tena.

Kuna wanaotuuliza: mbona dunia nzima inatumia .docx na .xlsx, zile za Microsoft, na zinafunguka? Ni kweli, leo zinafunguka kwa programu nyingi, LibreOffice pia. Hatutaki kumsingizia mtu. Miaka mingi kampuni hiyo ilihifadhi kwa .doc na .xls, ambazo kanuni zake hazikuwa mikononi mwa watu wote. Wale wengine walizikisia kama mtu anayekisia mapishi kwa kuonja. Halafu ikaja Office 2007 na miundo mipya yenye kanuni zilizoandikwa, zaidi ya kurasa 6,000. Shirika la Ecma lilizipitisha Desemba 2006, zikapelekwa ISO. Septemba 2007 hazikupata kura za kutosha. Mwaka 2008 zikapita, kwa jina la ISO/IEC 29500, baada ya mabishano makali. Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zilikata rufaa, nayo haikukubaliwa.

Na hapa tunarudi kwa kopo lililopigwa tako. Kipimo hicho cha 2008 kina njia mbili: moja safi, na moja ya mpito inayobeba mazoea ya zamani ya programu ya kampuni yenyewe. Kwa kawaida faili tunazopokea zimeandikwa kwa njia ya mpito. Ndiyo maana barua ya kuomba kazi ya binti yako, iliyopangwa vizuri nyumbani, ikifika kwenye mashini nyingine mistari inahama na jedwali linapinda. Kopo ni la wote kwa jina, lakini ndani kuna kona zinazojulikana vizuri na mwenye kulitengeneza. Hata hivyo ni afadhali mara kumi kuliko muundo uliofichwa kabisa, kama ule wa programu yetu ya hesabu.

Serikali nyingine zimeliona jambo hili kama jambo la haki ya raia. Afrika Kusini iliweka ODF ndani ya masharti ya ordinatere za serikali yake mwaka 2007. Uingereza, Julai 2014, ilichagua ODF kwa maandishi ambayo ofisi za serikali na raia wanapelekeana ili kuyaandika pamoja, na ikachagua HTML au PDF/A kwa yale ya kusomwa tu. Maana yake ni nyepesi: mwananchi asilazimike kununua bidhaa ya kampuni moja ili aongee na serikali yake. Mama anayejaza karatasi ya kuandikisha mtoto asiambiwe kwamba mashini yake si ya aina inayotakiwa.

Kuna faida nyingine, inayogusa lugha yetu. Kwa sababu OpenOffice.org ilikuwa wazi, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux, waliweza kuitafsiri kwa Kiswahili bila kungoja muuzaji aone kama sisi ni soko. Mwaka 2004 wakaitoa kwa jina la Jambo OpenOffice. Kilichofunguliwa kwa wote, hata wenye makuta kidogo wanaweza kukishika na kukifanya chao.

Mtu asituamini kwa maneno tu. Chukueni faili moja ya .odt, fanyeni nakala yake, na kwenye nakala hiyo mbadilishe mkia wa jina uwe .zip. Kijana wa masomo ya sekondari anaweza kuwasaidia. Fungueni. Ndani mtakuta faili ndogo ndogo, na moja inaitwa content.xml. Ifungueni kwa programu nyepesi kabisa ya kuandika, na mtaona maneno yenu, yamezungukwa na alama, lakini yanasomeka. Hata kama programu zote zilizoko leo zitakufa, mtu mwenye subira atayatoa maneno yale humo ndani. Sisi tulipoona hivyo mara ya kwanza, mama mmoja alisema: "Kumbe chungu hiki kina mfuniko, hakikupigwa sementi."

Sasa tufanyeje nyumbani na kwenye vikundi vyetu? Mashini nyingi huku zinaongea Kifaransa, kwa hiyo tafuteni maneno Enregistrer sous. Hapo mtachagua muundo. Barua, mihtasari na majedwali ambayo yataandikwa tena kesho, yawekeni katika ODF. Hesabu zikiwa nyepesi, mnaweza kuongeza nakala ya CSV, ambayo ni mistari ya maneno na namba zilizotengwa kwa alama za mkato tu, na karibu kila programu ya hesabu inaisoma. Kitu kilichokwisha, ambacho hakitabadilishwa tena, kama sheria za chama zilizosainiwa, taarifa ya mwaka au mkataba wa kiwanja, kiwekeni katika PDF. Muundo huo ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, ukawa kipimo cha ISO mwaka 2008, na simu nyingi za leo zinaufungua. Kuna aina yake inayoitwa PDF/A, iliyopangwa kwa kuhifadhi miaka mingi, na LibreOffice inaweza kuitoa. LibreOffice yenyewe ni mzigo wa mamia ya megabaiti, basi msipoteze makuta ya intaneti kila mmoja peke yake. Mmoja aichukue, wengine wapewe kwa flashi.

Tuseme pia mipaka yake, ili mtu asidanganyike. Muundo wazi hauzuii moto, wala mto, wala mwizi, wala virusi vya ordinatere. Flashi inapotea kama sindano. Juu ya hiyo, nakala zikae kwenye nyumba tatu, kartie tatu tofauti, na angalau moja juu mlimani. Kila mwaka, siku ya mkutano mkuu, hesabu zichapwe kwenye karatasi na kila mwanachama aone jina lake. Na kufungua muundo si kufungua siri: faili ya .ods inaweza kuwekewa neno la siri, na neno hilo lijulikane kwa watu wawili wa komite, si kwa mmoja.

Vikundi vingi vyetu bado vitaletewa programu, nyingine za bure, nyingine nzuri kweli. Hatusemi mzikatae. Chama chetu kimeandika kifungu kipya katika sheria ya ndani: kabla programu yoyote haijapewa hata jina moja la mwanachama, anayeileta atajibu maswali matatu mbele ya mkutano. Inahifadhi kwa muundo gani? Programu nyingine gani inaweza kufungua faili zake? Siku leseni ikiisha, tutatoaje hesabu zetu? Na swali la tatu halijibiwi kwa mdomo. Atatoa faili mbele yetu, tutaipeleka kwenye mashini nyingine, na mama mshika sanduku atasoma majina kwa sauti.

Juma lililopita mgeni mmoja alikuja na programu ya mikopo kwenye simu. Maswali mawili ya kwanza aliyajibu vizuri. La tatu lilimshinda, akaomba arudi kwanza kuuliza wenzake. Tulimpa chai na tukamwambia karibu tena. Daftari letu, kwa sasa, liko kwenye .ods, nakala tatu, na la karatasi liko juu ya kabati refu.

Jumamosi, kisha mkutano wa mikopo, mwana wa mama katibu atakuwa pale na ordinatere yake. Mwenye flashi yenye faili zisizofunguka ailete tujaribu pamoja. Mwenye barua ya kuomba kazi aje tuiweke katika PDF kabla hajaituma. Asiye na ordinatere aje vilevile, maana hisa zake zimo ndani ya faili hizo kama za wengine, na anayo haki ya kujua nani anaweza kuzifungua.